Mwongozo Kamili wa Kusaka Vifaa vya Zamani vya Ushonaji Kwenye Masoko ya Mitumba

Karume pale Dar es Salaam, Memorial ya Moshi, Gikomba na Toi za Nairobi, Kongowea ya Mombasa: watu huenda huko kutafuta nguo na viatu. Fundi mwenye macho huenda pia kutafuta vifungo vya gamba la chaza, zipu za shaba zisizoshika kutu, mikasi ya Sheffield, na vichwa vyeusi vya cherehani za Singer ambavyo bado vinashona jinzi bila kulalamika. Vitu hivi vipo, na vingi viko mikononi mwa wauzaji wasiojua thamani yake au, kibaya zaidi, wanaodhani kila kitu cheusi na kizito ni dhahabu.

Kanuni yangu ni hii: kabla hujauliza bei, jiulize spea. Cherehani ya mwaka 1925 ambayo sindano na bobini zake (vile vigurudumu vya uzi wa chini) zinauzwa leo kwenye duka la mtaani ni mali. Cherehani ya mwaka 1975 iliyong'aa, ambayo sindano yake hutaipata Kariakoo wala River Road, ni mapambo ya sebuleni. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na kanuni hiyo.

Hatua ya kwanza: andaa mkoba wa kupimia

Usiende mikono mitupu. Weka kwenye mkoba mdogo:

- sumaku, hata ile ndogo iliyotoka kwenye spika mbovu
- bisibisi bapa, moja kubwa na moja ndogo
- tepu ya kupimia
- bobini mbili za sampuli, moja bapa na moja yenye mgongo (nitaeleza tofauti yake)
- sindano mpya namba 14, za cherehani ya kawaida ya nyumbani
- kidonge cha uzi mzuri na vipande viwili vya kitambaa cha pamba
- kichupa cha mafuta ya cherehani
- simu yenye tochi na chaji ya kutosha

Sumaku ndiyo rafiki yako mkubwa. Shaba haivutwi na sumaku, chuma kinavutwa. Meno ya zipu, kastabini, bizimu, vishikizo vya koti: gusa vyote. Kilichopakwa rangi ya shaba juu ya chuma kitakushikia sumaku papo hapo, na hicho ndicho kitakachotia kutu kwenye gauni la mteja baada ya kufuliwa mara mbili.

Hatua ya pili: jua saa na jua upande

Nguo hupatikana vizuri alfajiri belo zinapofunguliwa. Nairobi mzigo ule wa kwanza uliochaguliwa huitwa kamera, na masalia ya mwisho huitwa fagia. Anayetafuta vifaa vya kushonea hana haja ya kugombania kamera. Sisi tunataka fagia. Koti lililochanika mgongo, shati lililoungua kwa pasi, gauni lenye doa lisilotoka: mnunuzi wa nguo analiruka, na muuzaji analiachia kwa bei ya kutupa. Vifungo vyake na zipu yake viko salama.

Kwa hiyo nenda mara mbili kama unaweza. Asubuhi pitia wauzaji wa vyombo vya nyumbani na vyuma chakavu, kwa sababu cherehani na mikasi mizuri huondoka mapema na mafundi wenzako ndio wanaoondoka nayo. Jioni pitia marundo ya nguo, muuzaji akiwa anataka kufunga. Usisahau mafundi wenyewe wanaotengeneza cherehani pembeni mwa soko. Chini ya meza zao kuna madebe ya spea zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa, na debe moja la namna hiyo linaweza kukusaidia kuliko soko zima.

Hatua ya tatu: vifungo na zipu, ukivichuma kwenye nguo

Kwenye shati la zamani hesabu vifungo vya mbele, vya mikono na vya kola, kisha geuza pindo la chini au mshono wa ubavuni uone kama kuna kifungo cha akiba kilichoshonewa ndani. Kwenye koti la suti, vile vidogo vya mikononi viwe vya jamii moja na vile vikubwa vya mbele. Seti isiyotimia inafaa kwa nguo ya mtoto au kwa mapambo. Ya gauni la watu inahitaji kutimia, na tena izidi kwa kimoja.

Sasa tambua umbile lake. Kifungo cha gamba la chaza ni kizito kidogo kuliko plastiki ya ukubwa huo, na ukikigusisha mdomoni ni cha baridi. Kigeuze. Mgongoni mara nyingi utaona rangi ya kahawia au mistari ya gamba lenyewe, na hakuna viwili vinavyofanana kabisa. Plastiki inayoigiza gamba hufanana yote, na huwa na alama ya mshono wa kalibu ukingoni. Kifungo cha pembe ya ng'ombe au nyati kina nyuzinyuzi ndani yake ukikiweka mbele ya tochi. Bakelaiti, mojawapo ya plastiki za mwanzo, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, hutoa harufu kali ya dawa ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto au ukiichovya kwenye maji ya moto.

Kuna watu watakufundisha kupima kifungo kwa sindano iliyopashwa moto. Usifanye. Baadhi ya vifungo vya zamani ni vya seluloidi, aina nyingine ya plastiki ya zamani, na seluloidi inashika moto haraka mno. Ukisugua kifungo kikanukia kafuri, hicho ndicho. Usikiache karibu na jiko wala usikipige pasi.

Na ukiambiwa kifungo au kishikizo ni cha pembe ya ndovu au gamba la kasa, kiache hapo hapo. Sheria za wanyamapori za Tanzania na Kenya haziangalii kama kitu ni kikuukuu au kipya.

Zipu ipime kwa kuifungua na kuifunga taratibu mpaka mwisho wote wawili, kisha ivute kwa ubavu, kushoto na kulia, ikiwa imefungwa. Kama meno yanaachana katikati, kitelezi kimelegea. Fundi anaweza kukibana kwa koleo, ila bei ishuke. Kilicho muhimu zaidi ni kile kitambaa cha pembeni kinachobeba meno. Kikunje, kikwaruze kwa kucha. Kikitoa vumbi au kikichanika, zipu imekufa hata kama meno yanang'aa. Jina lililo kwenye kitelezi hueleza asili yake: YKK ni ya Kijapani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1934, Talon ni ya Marekani, Éclair ya Ufaransa, Lightning ya Uingereza. Zipu nzito ya shaba ya koti la kazi nitainunua siku zote. Unapoitoa, usikate karibu na meno. Fumua mshono, au kama nguo haina maana tena, acha kitambaa cha sentimita mbili kila upande. Ikigoma kuteleza, isugue kwa mshumaa au ncha ya penseli.

Hatua ya nne: cherehani

Hapa ndipo fedha inapoliwa, kwa hiyo hapa tukae.

Anza kwa kuisoma. Singer nyingi zina namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia chini ya gurudumu la mkono. Namba isiyo na herufi mbele yake ni ya kabla ya mwaka 1900. Baada ya hapo zikaja herufi. Zile tunazokutana nazo zaidi huku kwetu zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa 1980. Herufi Y ni ya miaka ya 1920 hadi katikati ya 1930. Herufi E ikifuatana na nyingine, kama EA, EF au EL, ni kuanzia katikati ya miaka ya 1930 na kuendelea. Herufi K baada ya namba ya modeli, kama 15K au 99K, inasimamia Kilbowie, sehemu ya Clydebank penye kiwanda hicho. Ukiona nembo ya shaba yenye ukingo wa buluu na maandishi ya 1851 na 1951, hiyo ilitoka wakati kampuni ikiadhimisha miaka 100.

Umri hauongezi mshono. Unakusaidia kujua modeli tu, na modeli ndiyo inayokuambia habari ya spea.

15K ndiyo chaguo la fundi. Bobini yake inasimama wima upande wa kushoto ndani ya kesi ndogo ya chuma, na ni ile bobini bapa pande zote mbili, inayouzwa kila kona. Butterfly ya Shanghai, ile JA2-1 iliyojaa vibarazani kote Afrika Mashariki, imefuata muundo huo huo. Ndiyo maana kesi ya bobini, meno yanayosukuma kitambaa na sindano zake havina shida kupatikana. Ukipata kichwa cha zamani cha 15K na duka lako la spea limejaa vitu vya Butterfly, umepata.

66K, 99K na 201K hutumia bobini yenye mgongo kidogo pande zote mbili, inayolala chini ya kibamba cha kuteleza. Bobini hizi zipo lakini si kila duka, na muuzaji akikuambia ile bapa itaingia, usimwamini. Toa sampuli yako ujaribu. Kama ningekuwa na hela ya mashine moja tu ya kukaa nayo maisha, ningechukua 201K. Ni laini, haina kelele, na mshono wake umenyooka kwa namna ambayo sijaiona kwenye mashine mpya za bei yake.

27K, 28K, 127K na 128K hazina bobini ya mviringo. Zina chombo kirefu chenye umbo la risasi kinachokwenda mbele na nyuma, na ndani yake bobini nyembamba ndefu. Hushona vizuri sana, lakini chombo hicho kikikosekana, mashine haishoni kabisa. Fungua kibamba uangalie. Ukikuta patupu, hiyo ni bei ya chuma chakavu.

Mitego miwili. Ya kwanza ni Singer 12, ile ya karne ya 19 yenye kitako kilichobonyea kiunoni. Ni nzuri machoni, na sindano yake ni adimu. Ya pili ni 306K. Ni ya zigzagi, imara kabisa, na muuzaji ataisifia kwa haki. Tatizo ni sindano yake ya aina ya 206x13, ambayo si ya kawaida. Sindano unayotaka ni ile yenye upande mmoja bapa kwenye kishina, yaani sehemu yake nene ya juu, ambayo pakiti zake huandikwa HAx1, 15x1 au 130/705H. Majina matatu, sindano moja.

Ukishaisoma, ipime kwa mpangilio huu. Zungusha gurudumu la mkono kuja kwako, polepole. Likiwa zito lakini linazunguka, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyokauka, na hilo lina dawa. Likigonga mahali pamoja kila mzunguko, kuna kitu kimepinda au kimevunjika ndani. Shika fimbo ya sindano uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, imelika. Angalia meno kwa tochi: yawe na ncha, yasiwe yamelainika. Inua na kushusha mguu unaobana kitambaa, kaza na legeza skrubu ya kubana uzi, uone kama vile visahani viwili vinabana kweli. Weka sindano mpya yako, tunga uzi wako, shona vipande vyako viwili vya pamba. Kama mashine haina mkanda, zungusha kwa mkono. Mishono michache inatosha kukuonyesha kama bobini inashika uzi wa juu. Muuzaji anayekataa usishone, muage kwa heshima.

Kwa cherehani ya kukanyaga, inama chini. Stendi nyingi ni chuma cha kusubu, na ufa kwenye chuma hicho si kazi ya kila mchomeleaji. Sukuma kanyagio kwa mkono, sikiliza ile fimbo inayozungusha gurudumu kubwa. Mkanda wa ngozi usikusumbue, unanunulika. Mbao zichunguze: unga mwembamba chini ya droo maana yake bungua wako kazini, na watahamia kwenye kabati lako.

Na droo, tafadhali, zifungue zote. Humo ndimo hubaki viguu vya kukunja marinda, vya kukunja pindo, vya kuwekea utepe, pamoja na kile kifaa cha kushonea matundu ya vifungo. Kilichogongwa neno SIMANCO ni spea halisi ya Singer. Viguu hivi huingia kwenye mashine nyingi zenye kishina kifupi, yaani ile nafasi ya karibu nusu inchi kutoka bamba la sindano hadi skrubu, mguu ukiwa umeshushwa.

Mashine za umeme zina neno lao. Nyingi zinazoingia na makontena kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 110 hadi 120. Umeme wetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Ukichomeka moja kwa moja, mota inaungua mbele ya macho yako. Soma kibati kilicho kwenye mota, na bei ya transfoma ya kushushia umeme uiingize kwenye hesabu. Waya wa zamani wenye ganda la mpira linalomeguka usiuchomeke popote kabla fundi umeme hajaubadilisha.

Hatua ya tano: mikasi

Mkasi wa Sheffield, wa Solingen au wa Wiss wa Newark ni chuma ambacho kinaweza kukata kwa vizazi. Uangalie hivi: ufunge, uinue mbele ya mwanga. Kati ya makali mawili kuwe na uwazi mwembamba katikati, yakikutana mwanzoni na nchani. Makali yakilala bapa moja juu ya jingine, mkasi umeharibiwa kwa kunolewa vibaya. Tafuta pia rangi ya buluu karibu na kali. Hiyo ni alama ya jiwe la kunolea lililozungushwa kasi mpaka chuma kikaungua, na chuma kilichoungua hakishiki tena makali. Mwisho, kata kitambaa chepesi kwa ncha, si kwa tumbo la mkasi. Kinachokata nchani kinakata kote. Chagua wenye skrubu kuliko wenye ribiti, kwa sababu skrubu unaweza kuikaza.

Hatua ya sita: uzi, sindano, lesi na kastabini

Uzi wa zamani kwenye vigurudumu vya mti, kama ule wa Coats wa Paisley, unavutia macho. Uvute ghafla kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi, ni wa kupambia tu. Pamba huoza, na hakuna dawa.

Sindano za mkono zilizo kwenye pakiti zake za karatasi ni nzuri kama hazina madoa. Zile nyembamba sana zinatafutwa na washonaji wa kofia za viua, kwa hiyo usiziache hata kama wewe huna kazi nazo. Za cherehani zilizokwishatumika, usiguse.

Kastabini jaribu kidoleni. Vishimo vyake viwe bado na kina, la sivyo sindano itateleza.

Lesi iweke juu, uitazame dhidi ya jua. Vitobo vidogo vingi ni kazi ya wadudu au kuoza, na kufuliwa mara moja kutaimaliza. Njano ya uzee inatoka, doa la kahawia la kutu lina kazi zaidi.

Hatua ya saba: bei

Orodhesha kichwani kinachokosekana, kisha kitoe kwenye bei: kesi ya bobini, mkanda, sindano, kazi ya fundi, usafiri. Mwambie muuzaji wazi. "Shikamoo mzee. Mashine yako nzuri, ila haina kesi ya bobini na mkanda umekatika. Nikitoa hivyo viwili, tunabaki na ngapi?" Hiyo inasikilizwa kuliko kukashifu mali ya mtu. Ukiwa unanunua vitu vidogo vingi, vikusanye kwa muuzaji mmoja uombe bei ya jumla.

Kwa cherehani dai karatasi: jina la muuzaji, namba ya simu, tarehe, na ile namba iliyogongwa kwenye kitako. Cherehani huibwa, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea. Hata muuzaji mwaminifu hatachukia kuandika.

Hatua ya nane: ukifika nyumbani

Usiiendeshe mashine siku hiyo hiyo. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila kiungo, uiache usiku mzima, kisha izungushe kwa mkono mpaka uchafu mweusi utoke. Futa, halafu tia mafuta halisi ya cherehani. Mafuta ya kupikia yatagandisha upya kila kitu, na ya injini ni mazito mno. Nje ifute kwa kitambaa chenye mafuta hayo hayo ya cherehani. Spiriti isiguse kichwa cheusi, kwa kuwa inayeyusha ile vanishi inayolinda maua ya dhahabu, na yakishafutika hayarudi.

Doa la kutu kwenye lesi lipake limau na chumvi, lianike juani, kisha suuza sana. Jiki hufanya kutu iwe mbaya zaidi. Limau hilo hilo, wala siki, visikaribie vifungo vya gamba, kwa sababu asidi inakula gamba na mng'ao wake. Hivyo vioshe kwa sabuni nyepesi na mswaki, uvikaushe kivulini, kisha vitunge seti kwa seti kwenye uzi, kila seti na kipande cha karatasi kinachoeleza idadi na ukubwa wake kwa milimita, mteja akija na kitambaa chake uwe unajua kipi kinatosha.